Nakshi na Kasoro za Mbao Ngumu: Ujue Mti Wako Kabla Hujauuza

Tuseme mkulima ana mvule mkubwa kwenye mpaka wa shamba lake, mti alioachiwa na baba yake. Siku moja mnunuzi wa mbao aja, auzunguka mti mara mbili, augonga kwa upande wa nyuma wa shoka, kisha atikisa kichwa. "Mzee wangu," asema, "mti huu una kasoro. Una nundu ubavuni, nyuzi zake zimepishana, na ndani nadhani mna mawe. Nitakupa nusu ya bei." Mkulima hana la kujibu. Hajui kama maneno hayo ni kweli; na hata yakiwa kweli, hajui kama mambo hayo hupunguza thamani ya mti au huiongeza. Basi auza. Na labda mbao za mti ule ule zikifika mjini zitatafutwa kuliko nyingine zote, kwa sababu ya nyuzi zile zile zilizopishana.

Tuseme tena mkulima wa pili ana ubao mnene wenye mawimbi mazuri ya kung'aa. Aupenda mno, hata auweka kuwa boriti ya kubeba paa la nyumba yake, mahali ambapo kila mgeni atauona. Mvua za masika zikija, boriti yavunjika bila kutoa onyo, nayo paa lashuka juu ya watu waliolala.

Wakulima hawa wawili wamepata hasara kwa sababu moja. Yule wa kwanza hakujua ya kuwa kasoro yaweza kuwa uzuri. Yule wa pili hakujua ya kuwa uzuri waweza kuwa kasoro. Maana katika mbao ngumu mambo haya mawili mara nyingi hutoka katika asili moja, na ubao usiofaa kwa kazi hii waweza kuwa bora kabisa kwa kazi ile. Karatasi hii imeandikwa ili upate kuyatambua kwa macho yako na mikono yako mwenyewe.

NAKSHI NI NINI?

Tukisema nakshi hapa, hatusemi kazi ya patasi ya fundi, bali michirizi, mawimbi, madoa na rangi zilizomo katika ubao wenyewe. Ili uielewe, yafaa kwanza ujue jinsi mti ulivyojengwa.

Kata gogo utazame kichwa chake. Nje kabisa pana gome. Ndani ya gome pana sehemu nyeupe au ya manjano, ndiyo tutakayoiita weupe. Humo ndimo maji ya mti hupanda. Ndani ya weupe pana sehemu yenye rangi nzito, ndiyo kiini. Na katikati kabisa pana moyo, yaani mahali mti ulipoanzia ulipokuwa mche. Sehemu zote hizi zimefanywa kwa nyuzi ndefu nyembamba zilizoshikamana, mfano wa mabua yaliyofungwa tita moja.

Nyuzi zikisimama wima tangu shina hata matawini, ubao huwa na sura ya kawaida, nao hubeba mzigo vizuri. Lakini nyuzi zikipinda, nyingine huelekea juu ya ubao na nyingine huzama ndani. Mwanga ukiziangukia, hizi hung'aa na zile huwa na kivuli. Hiyo ndiyo nakshi. Basi utaona ya kuwa nakshi nyingi ni nyuzi zilizoacha njia iliyonyooka, na nyuzi za namna hiyo huleta mambo matatu: ubao hupungua nguvu, hunyofoka wakati wa kupigwa randa, na hupinda wakati wa kukauka.

Upungufu wa nguvu umepimwa. Ikiwa katika kila inchi 10 za urefu wa ubao uzi umekwenda upande kwa inchi 1, ubao huo umepoteza karibu sehemu moja katika tano ya nguvu zake za kubeba. Ikiwa uzi umekwenda upande kwa inchi 1 katika kila inchi 5, nguvu zilizosalia ni kama nusu tu. Kwa mlango wa kabati si neno. Kwa boriti ya paa ni hatari.

NAKSHI UTAKAZOZIONA, NA MAANA YAKE

Nyuzi za kupishana. Katika mvule, mkangazi, na mara nyingi katika mninga, nyuzi huzunguka shina kuelekea upande mmoja kwa muda, kisha hugeuka zikazunguka upande wa pili, tabaka juu ya tabaka. Ubao uliopasuliwa kuelekea moyo huonyesha mistari mipana ya mwanga na kivuli, kama utepe. Nakshi hii hutakiwa sana kwa meza, milango na makabati. Taabu yake ni katika randa: mstari mmoja hulainika na ule wa pili hunyofoka. Dawa yake ni chuma kilichonolewa sana, kikatoe maranda membamba mno, kisha kumaliza kwa kukwangua na kwa msasa. Ubao wa namna hii haupasuki upesi kwa msumari wala kwa shoka. Usikubali upunguziwe bei kwa sababu hii peke yake.

Mawimbi. Nyuzi zikipanda kwa kuyumba kama nyoka aendavyo, ubao huonekana una mikunjo ya kung'aa, ingawa ukiupapasa ni laini. Huu ni uzuri mkubwa kwa vyombo vya nyumbani, wala usitumiwe kubeba mzigo. Ndio ubao uliomwangusha yule mkulima wa pili.

Panda. Mahali shina linapogawanyika mara mbili, nyuzi za pande zote mbili hukutana na kusukana. Ubao uliopasuliwa katikati ya panda huwa na sura kama unyoya wa ndege. Lakini mara nyingi gome humezwa ndani ya panda, na hapo hapashikani kamwe. Tena ubao huo hupasuka upesi ukikaushwa kwa haraka. Usiitupe panda kuwa kuni. Ipasue nene, uikaushe polepole kuliko mbao nyingine, nayo yaweza kumfaa fundi wa meza ndogo na masanduku.

Nundu. Mti uliojeruhiwa, au wenye macho mengi ya kuchipua yaliyokusanyika mahali pamoja, huweza kuota nundu. Ndani yake nyuzi zimezungukana kila upande, na mara nyingi pana vijicho vidogo vingi. Nundu haina nguvu ya kubeba upande wo wote, lakini kwa bakuli na kwa vipande vya kupambia masanduku hupita ubao ulionyooka. Gonga kwanza, maana nundu nyingine zimeoza ndani.

Vimeta vya mgrivea. Mti huu ulitoka Australia, nao umepandwa sana katika mashamba ya kahawa na chai kwa kivuli na kuni. Nakshi yake haitokani na kupinda kwa nyuzi. Katika kila mti pana mishipa myembamba itokayo moyoni kuelekea gomeni, na katika mgrivea mishipa hiyo ni mipana. Ukipasua ubao kuelekea moyo, mishipa hulala juu ya uso wa ubao ikang'aa kama magamba ya samaki. Ukiupasua kwa namna nyingine, huioni. Nakshi hii ni faida tupu, nayo ni ya mti ambao mkulima mdogo aweza kuupanda leo na kuuvuna yeye mwenyewe.

Mawe ya mvule. Neno la mnunuzi kwamba ndani ya mvule mna mawe si hadithi. Katika nyufa na matundu ya mti huu maji yake huacha chokaa, nayo yaweza kuwa gumu kama jiwe, dogo au kubwa. Mara nyingi ubao unaolizunguka huwa na rangi nzito zaidi. Jiwe hilo halidhoofishi ubao ulio mbali nalo, wala si ugonjwa wa mti, lakini huvunja meno ya msumeno. Mnunuzi akitaka upungufu kidogo kwa ajili ya misumeno yake, ana haki. Akitaka nusu ya bei kwa jiwe ambalo hajaliona, hana haki. Tena wapasuaji wa mvule wajifunge kitambaa puani na kinywani, kwa sababu vumbi lake huwasha ngozi na kuumiza pumzi.

Mistari myeusi kama ya wino. Gogo likilala muda mrefu katika unyevu, ukungu huingia ndani yake na kuchora mistari myeusi iliyopindapinda, yenye madoa meupe kati yake. Watu wengine huipenda kwa sura yake. Lakini fahamu ya kuwa huo ni mwanzo wa kuoza. Ubao ulioshikwa kidogo, ukikaushwa upesi, wafaa kwa bakuli au pambo. Kwa boriti, mwimo wa mlango au ngazi haufai kabisa. Kuoza hakuendelei katika ubao mkavu, walakini nguvu zilizokwisha potea hazirudi.

Rangi mbili. Katika mninga kiini ni cha hudhurungi chenye michirizi myekundu, na weupe wake ni kama majani makavu. Ubao wenye rangi mbili hupendeza, na weupe si uozo. Lakini humo ndimo bungua huingia, kwa kuwa hupata chakula chake katika weupe. Ukiona unga laini chini ya ubao na matundu madogo kama ya sindano, jua ya kuwa wamo. Kwa kazi ya kudumu toa weupe wote, au utie dawa inayostahili.

KASORO ZILIZO HASARA TUPU

Ziko kasoro nyingine ambazo hazina uzuri wo wote, nazo ndizo uzitafute kwa bidii.

Ya kwanza ni moyo ulio tupu au uliooza. Mpingo hasa una tabia hii. Ni mti mzito hata kiini chake huzama majini, nao hutakiwa na wachonga vinyago na watengenezaji wa zumari za nchi za mbali. Lakini shina lake mara nyingi lina mabonde, limepinda, lina nyufa, na ndani lina tundu. Kwa hiyo sehemu ndogo tu ya gogo hutoka kuwa kipande safi. Mnunuzi wa mpingo akikuambia ya kuwa sehemu kubwa ya gogo itapotea, husema kweli. Na moto wa nyikani huzidisha hasara hii, maana huunguza gome, na penye jeraha uozo hupata mlango.

Ya pili ni mistari myembamba kama unywele ikatizayo nyuzi. Hutokea mti uliposukumwa sana na upepo, au ulipoangushwa juu ya jiwe au juu ya gogo jingine. Hapo nyuzi zimekwisha kuvunjika, ingawa ubao ungali mzima machoni. Ubao huo ukiwekewa mzigo hukatika ghafula kama muhogo. Ndiyo sababu twasema: safisha mahali mti utakapoangukia.

Ya tatu ni mbao za mti ulioota kwa kuinama. Mti wa namna hii hujivuta usimame, na katika miti ya mbao ngumu nyuzi za upande wa juu wa mwinamo huwa zimekazwa. Ubao wake hutoa manyoya ukipigwa randa, nao hujikunja kama upinde ukikauka.

Ya nne ni fundo bovu. Fundo ni tawi lililomezwa na shina. Kama tawi lilikuwa hai, fundo limeshikamana na ubao na laweza kuwa pambo. Kama lilikwisha kufa, fundo huwa jeusi, hulegea, na mwisho huanguka likaacha tundu. Fundo lo lote lililo kando ya boriti, upande wa chini, huipunguzia nguvu sana.

JINSI YA KUJARIBU

Majaribio haya hayana gharama, nawe waweza kuyafanya mbele ya mnunuzi.

1. Tazama kichwa cha gogo. Moyo uwe katikati. Ukiwa umekwenda upande mmoja, yamkini mti uliinama. Tafuta nyufa zitokazo moyoni, na nyufa zinazozunguka kama duara.

2. Gonga kwa upande wa nyuma wa shoka, toka mwisho hata mwisho. Sauti kali na wazi ni ya mti mzima. Sauti ya ngoma ni ya utupu. Sauti nzito iliyokufa huenda ni ya uozo.

3. Chomeka ncha ya kisu katika ubao, kisha inua. Ubao mzima hutoa kibanzi kirefu chenye nyuzi. Uliooza au uliodhoofika hukatika vipande vifupi bila mlio.

4. Tia tone la wino mwembamba juu ya ubao uliopigwa randa. Wino hukimbia kufuata nyuzi. Pima inchi 10 kufuata kando ya ubao, uone uzi umekwenda upande kiasi gani. Fanya hivi katika nyuso mbili zinazokutana, kwa sababu uzi waweza kuonekana umenyooka katika uso mmoja na kumbe umepinda katika wa pili.

5. Lowesha ubao kwa maji, uugeuzegeuze juani. Nakshi itatokea, na ile mistari ya unywele pia.

KUPASUA NA KUKAUSHA

Kasoro nyingi haziletwi na mti, bali huletwa na mtu baada ya mti kuanguka. Ubao mbichi una maji mengi. Ukikauka hupungua unene na upana, wala haupungui urefu kwa kiasi cha kuonekana, isipokuwa ule wa mti ulioinama. Tena ubao uliopasuliwa kufuata duara za mti hupungua upana kama mara mbili ya ule uliopasuliwa kuelekea moyo. Ndiyo sababu wa kwanza hubetuka kama kigae, na wa pili hutulia. Ukitaka mbao za utepe za mvule au za vimeta vya mgrivea, mwambie mpasuaji apasue kuelekea moyo. Utapata mbao nyembamba zaidi kwa upana na chache zaidi, lakini zenye nakshi na zilizotulia. Moyo wenyewe usiuache ndani ya ubao mzuri, maana hapo ndipo nyufa huanzia.

Mara mti ukianguka, paka ncha za gogo rangi nzito ya mafuta au nta, kwa kuwa maji hutoka upesi sana katika ncha na kuzipasua. Usiache gogo juani, wala juu ya udongo. Mbao zipange kivulini chini ya paa, juu ya magogo au matofali, mchwa wasizifikie. Kati ya tabaka na tabaka weka vijiti vikavu vya unene wa inchi 1, kila futi 2 au karibu zaidi. Vijiti vya tabaka zote visimame mstari mmoja, kimoja juu ya kingine. Visipofanywa hivyo, mbao hupinda. Weka mawe mazito juu ya yote.

Mbao zenye nakshi nyingi ndizo zinazohitaji kivuli zaidi na saburi zaidi. Mninga hutulia vizuri ukikauka, lakini hukauka polepole. Ili ujue kama mbao zimekauka, chagua ubao mmoja, uupime kila juma kwa mizani unayopimia kahawa au mahindi, uandike uzito wake. Siku uzito utakapokoma kupungua, maji yaliyokuwa ya kutoka yamekwisha kutoka.

KABLA YA KUUZA

Usikate wala usiuze kabla ya kufika katika ofisi ya misitu ya wilaya. Miti mingi ya mbao ngumu ina ulinzi wa sheria, nayo yataka kibali, hata pengine ikiwa imo shambani mwako. Katika Tanzania mambo haya yamo katika Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na katika Kenya yamo katika sheria ya mwaka 2016. Biashara ya mbao hizi kwenda nchi za nje nayo ina masharti: mpingo uliwekwa chini ya mkataba wa mataifa tangu mwaka 2017, na mninga na mkangazi iliongezwa katika mkutano wa Panama wa mwaka 2022. Mnunuzi akuambiaye ya kuwa kibali si kitu, yamkini siku ya taabu utabaki peke yako.

Kisha, ukiweza, usiuze mti ukiwa bado umesimama na siri yake ndani. Patana na wapasuaji kwa ujira, upasue, ukaushe, uzigawe mbao mafungu matatu. Fungu la kwanza ni mbao zilizonyooka nyuzi, zisizo na fundo kubwa: hizo ni za boriti, kenchi, ngazi na miimo. Fungu la pili ni mbao zenye utepe, mawimbi, vimeta, panda na nundu: hizo ni za meza, milango ya makabati, masanduku na mabakuli, nazo uwaonyeshe mafundi seremala wawili au watatu kabla ya kupatana bei. Fungu la tatu ni zilizooza, zilizovunjika nyuzi na zilizojikunja: hizo ni za kuni na za vibanda vya kuku, wala usimwuzie mtu kuwa boriti, kwa kuwa paa litakaloanguka ni juu ya watoto wa mwenzako.

Sasa turudi kwa yule mzee mwenye mvule. Angalikuwa na maarifa haya, angalimjibu mnunuzi hivi: "Mwanangu, nundu tutaigonga pamoja tuisikie. Nyuzi za kupishana ndizo huleta utepe, nawe wazijua kuliko mimi. Na habari za mawe, tutapunguza kwa jiwe tutakaloliona, hatutapunguza kwa jiwe tusiloliona." Mvule huchukua miaka mingi kukua, hata aupandaye leo huenda asiuone ukiwa mbao. Auuzaye huuza saburi ya baba yake, naye yafaa ajue kwanza ni kitu gani anachokiuza. Na penye kisiki, kabla ya mvua kuanza, panda miche miwili.